Upande wa Mrefu

Kompyuta yangu ina vyumba viwili, na mimi mwenye kazi nimepangwa kwenye kile kidogo. Usicheke. Diski ya kompyuta ni kama nyumba: unaweza kuipiga ukuta katikati ikawa sehemu mbili, na kila sehemu ukaipa herufi yake na jina lake. Yangu imekatwa hivyo. Upande wa kwanza ndiko unakokaa mfumo wenyewe unaoiendesha mashine, pamoja na programu zangu za kuchapa na makorokoro yote ya wateja. Upande wa pili, ule mkubwa, umeandikwa YA MREFU, na ndani yake hamna kitu. Hamna hata barua moja. Ukiufungua mnatazamana na weupe.

Mrefu ni mume wangu. Jina walimpa watu kwa sababu kila mlango anauinamia, nami nikalizoea hadi lile la kwenye cheti cha ndoa nikilisikia nauliza ni nani huyo. Anaendesha greda, ile mashine ya kusawazisha barabara kabla haijamwagwa lami. Kampuni ya barabara ilimchukua ikampeleka mbali, ng'ambo ya mipaka miwili, kwa mkataba ambao ungekwisha kabla sijaanza hata kumkumbuka. Hivyo ndivyo alivyoniambia, na mimi mjinga nikaitikia.

Kabla hajaondoka tulinunua kompyuta ya mezani, ya mtumba, ili nifungue duka la kuchapa. Tuliiweka sakafuni kwa sababu meza ilikuwa haijaja, tukakaa chini na vikombe vya chai, yeye magoti yamefika masikioni. Akaikata diski mwenyewe, rafiki yake fundi alikuwa amemfundisha.

"Huku kwako, huku kwangu," akasema. "Nitapiga picha kila barabara nitakayoilima. Nikirudi nataka pa kuziweka."

"Na mbona kwako kukubwa kuliko kwangu? Anayefanya kazi ni nani?"

"Mimi ni mrefu, mke wangu. Miguu yangu itakaa wapi?"

Nilicheka hadi nikamwaga chai. Ningejua, nisingecheka. Ningeishika miguu ile ile na nisingeiachia.

Maana mkataba uliongezwa. Ukaongezwa tena. Mara kambi imehamia porini, mara mtandao hamna, mara likizo imeahirishwa hadi daraja likamilike, na hayo madaraja sijui wanayajenga kwenda mbinguni. Hela ya matumizi inakuja, siwezi kumsingizia. Simu ndiyo iliyokuwa ikija kila siku, ikawa ya kila Jumapili, ikawa ya bahati. Mimi si mjane, si mtalaka. Ni mke wa simu, na simu yenyewe haishiki. Watu wakiniuliza habari za mzee nasema mzima, anawasalimu. Kumbe namtamani mtu yule mpaka kifua kinaniuma. Natamani nimsikie anajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango na kuutukana mlango. Natamani mtu wa kugombana naye habari ya taulo mbichi kitandani. Kila mtu duniani ana wa kumgombeza, mimi nagombana na printa.

Basi nikawa naishi kwenye chumba kidogo. Mteja akishalipa tu, faili lake nalifuta kabla hajavuka kizingiti. Alikuja kijana mmoja kuomba wasifu wake wa kazi tubadilishe namba ya simu.

"Nimeshaufuta," nikamwambia.

"Dada, si jana tu!"

"Kwenye kompyuta hii, jana ni zamani sana."

Picha za pasipoti nilizihamishia kwenye flashi, barua za harusi kwenye flashi nyingine, nikafuta michezo, nikafuta fonti za urembo, nikamwaga pipa la taka mpaka likawa safi kuliko jiko langu. Bado kile kimstari kinachoonyesha nafasi kilikuwa chekundu, mwaka nenda mwaka rudi. Watu wenye akili zao waliniambia, "Mama Chapa, si uviweke upande ule wa pili?" Nami nikawajibu, "Ule una mwenyewe." Mtu hapangishi chumba cha mwenziwe akiwa safarini.

Aliyekuwa haniulizi ni mama mkwe. Yeye anakaa nyuma ya duka, kwenye nyumba yake, na asubuhi anakuja kushika mashine ya laminesheni. Anazipitisha kadi za watu kwa utulivu kama anayepiga pasi, na kila kadi ikitoka anaipuliza ipoe na kumsifia mwenyewe: "Umetoka vizuri, macho yote mawili." Siku nyingine namfumania ananitazama ninavyofuta mafaili, halafu anageuza uso.

Tukaenda hivyo mpaka kompyuta yenyewe ikakataa.

Ilikuwa hivi. Tovuti ya maombi ya kazi, ile ambayo nusu ya wateja wangu wanakuja kwa ajili yake, ilinifungia mlango. Nikiifungua inaniambia mfumo wako umepitwa na wakati, weka mpya. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa tangu duka lilipofunguliwa, alikuwa amekaa na bahasha ya vyeti mapajani, na maombi yake yalikuwa yanafungwa wiki ile ile. Nilijaribu mara hii, mara ile. Akasimama, akakunja bahasha.

"Nitarudi, mama," akasema.

Mteja akikwambia nitarudi mwangalie vizuri mgongo wake, ndiyo picha ya mwisho. Nikamwona anavuka barabara kwenda duka la Tabasamu, mshindani wangu. Yule dada simchukii, ila anavyosimama mlangoni kupokea wateja wangu kama bibi harusi, jamani, inakera. Hadi mwisho wa wiki viti vyangu vyote vilikuwa vitupu. Hapo nikajua mchezo umekwisha: bila mfumo mpya, nifunge duka.

Nikamwita Fundi Taratibu. Ndiye huyo rafiki yake Mrefu, na jina hilo amelipata kihalali. Kila kitu kwake ni taratibu: akivua koti taratibu, akisalimia taratibu, akichomoa waya unaweza kwenda sokoni ukarudi. Aliingia asubuhi na flashi yake ya kupigia windo mpya, yaani huo mfumo, akapangusa miwani, akakaa.

"Haraka haraka haina baraka, shemeji."

"Na taratibu yako haina wateja, fundi. Anza."

Akaanza. Mashine ikafikiri, ikafikiri, kisha ikatoa ujumbe: nafasi haitoshi. Taratibu akaguna. Akafungua ile picha inayoonyesha diski nzima kama fimbo ndefu iliyolazwa, vipande vyake vikiwa vimepangana. Kipande changu kilikuwa kifupi, chekundu, kimejaa pomoni. Cha Mrefu kilikuwa kirefu, cheupe, kimejinyoosha.

"Lo! Shemeji, huyu bwana ana jumba la kulaza tembo, na ndani hamna hata panya."

"Liache jumba la watu."

"Liachwe vipi? Mfumo mpya ni mnene. Unataka pa kujigeuza wakati unaingia, wa zamani haujatoka na mpya umeshafika, wote wawili humo humo. Kwako hapatoshi hata nikifuta kivuli chako."

Mama mkwe alikuwa anapitisha kadi ya mtu. Hakuinua kichwa, lakini mashine niliisikia imesimama.

"Basi mkatie kidogo," nikasema. "Kidogo tu, fundi. Asije akakunja miguu."

Taratibu akacheka kwa pua, akakata. Kwenye ile fimbo kikatokea kipande cheusi, nafasi isiyo na mwenyewe. Lakini hakikutokea katikati yetu. Kilitokea kule mwisho kabisa, nyuma ya upande wa Mrefu.

"Ala!" akajikuna kisogo. "Nilisahau. Hiki hukatika mkia, kichwa hakikatiki."

"Sema Kiswahili."

"Tazama. Nyumba yako iko mbele, yake iko nyuma yako, mmegusana ukuta. Nilichokata kimetoka kwake upande wa uwani. Sasa mfumo huwa hauruki. Unaongezewa kile kilichogusana nao tu. Nafasi ipo, unaiona kwa macho, lakini katikati yenu kasimama yeye."

"Yaani kajilaza mlangoni."

"Ndivyo alivyo tangu zamani, unamjua."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamuuliza kama hawezi kumsogeza tu, amsukume nyuma, ile nafasi ije huku kwangu. Akasema programu za kusogeza zipo, ila kusogeza ni kazi ya saa nzima na zaidi, na umeme ukikatika katikati ya safari, tumepotea wote, mimi na yeye. Umeme wetu naufahamu. Wiki ile ulikuwa unakuja kusalimia tu. Nikamuuliza diski mpya. Akanitazama, nikajitazama. Diski mpya ilikuwa kwenye foleni ya ndoto zangu, nyuma ya paa na viatu.

"Dawa ni moja, shemeji. Tuufute upande wake wote, ukuta uanguke, chumba kiwe kimoja. Tunafanya bakapu, nakala ya vilivyomo, kwanza, halafu..."

Akanyamaza mwenyewe. Vilivyomo vipi?

"Basi ndiyo afadhali," akasema. "Hamna bakapu, hamna hasara. Sasa unalilia nini?"

Sikujua kama nalia. Nilipangusa uso kwa kiganja, hasira zikanipanda.

"Fundi, kitu kikiwa na kitu ndani yake unakitia kwenye flashi, unakwenda nacho nyumbani, kiko salama. Hiki ni kitupu. Hiki nakitia kwenye nini? Niambie basi, fundi wa mafundi! Kuna flashi ya kuwekea nafasi ya mtu?"

Taratibu akavua miwani. Masikini, hakuwa na ubaya. "Mtengenezee folda," akasema polepole, "uiandike jina lake. Folda tupu haili nafasi hata punje."

"Ebo! Mume wangu awe folda? Toka! Toka uende ukanywe chai, ukirudi utanikuta nimepoa."

Akatoka, taratibu.

Nikabaki nimeikodolea macho ile fimbo kwenye skrini. Mama mkwe akazima mashine yake, akakivuta kigoda akaja kukaa karibu nami. Yeye hasomi, lakini ile picha aliielewa upesi kuliko mimi.

"Huyo mrefu ndiye wangu?"

"Ndiye, mama."

"Na huyo mfupi mwekundu ndiye wewe."

"Ndiye mimi."

Akatikisa kichwa. "Chumba chake pale nyumbani, unakumbuka nilipompa yule mshona viatu apange?"

"Nakumbuka."

"Siku nilipompa ufunguo nililia kama nimefiwa."

"Mama! Wewe ulisema una mafua."

"Ulitaka niseme nini? Nimelilia kitanda?" Akanipiga kofi dogo gotini. "Kesho yake mpangaji kaamka anapiga mluzi. Nikasikia nyumba ina mtu. Mwanangu, asiyekuwepo na lake halipo."

"Mwanao huyo unayemsema!"

"Ndiyo maana nasema mimi. Angesema jirani, ungempiga na stepla." Kisha sauti ikashuka. "Lakini chumba cha mtu hakivunjwi kimya kimya. Mimi sikumwambia mwanangu, na mpaka leo akinipigia naogopa ataniuliza habari ya kitanda. Wewe mwambie. Mpigie."

Nikampigia. Mara ya kwanza hapatikani. Mara ya pili hapatikani. Nilikuwa naomba asipatikane, na wakati huo huo naomba apatikane, moyo unakwenda mbio kama wa msichana aliyeiba namba. Mara ya tatu ikaita. Akapokea, nyuma yake greda inanguruma, na upepo.

"Haloo! Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Sote wazima."

"Aa, mmenishtua. Niko kazini, sema upesi."

Nilikuwa na maneno mengi, yakakimbia. "Kompyuta inataka mfumo mpya. Nafasi haitoshi. Fundi anasema lazima tuvunje kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwako. Kwenye kompyuta. Ule upande wako."

"Upande gani?"

Mama mkwe alikuwa ananitazama mdomoni. Nikageukia ukutani.

"Ule uliouandika jina lako," nikasema. "Ule wa picha za barabara."

Greda ikanguruma. Nikasikia anamwambia mtu fulani arudi nyuma, arudi nyuma, hapo hapo.

"Sikumbuki, mke wangu. Hamna kitu humo?"

"Hamna."

"Sasa si mfute tu? Kama hamna kitu, futa. Hilo tu ndilo ulilonipigia?"

"Hilo tu."

"Sawa. Sikia, mkataba wameongeza tena, nilitaka nikwambie..."

Mtandao ukakata. Au alikata yeye, au nilikata mimi, kidole changu kilikuwa pale.

Angesema usifute, nakuja, ningebanana hadi kiama na nisingenung'unika. Angesema futa bwana, tutakata kingine nikija, ningefuta kwa vigelegele. Lakini alisema sikumbuki. Miaka yote hiyo mimi nafuta maisha ya watu ili kwake pabaki peupe, kumbe mwenye chumba hajui kama ana chumba. Sikulia wakati huo. Nilijisikia mpumbavu, na upumbavu unakausha machozi kuliko jua. Mama mkwe alirudi kwenye mashine yake, akapitisha karatasi tupu, akaitoa, akaipuliza.

Taratibu aliporudi nilikuwa nimeshaosha uso.

"Futa," nikamwambia.

Akatafuta, akafika, mashine ikatoa onyo: kila kilichomo humu kitapotea, je, una uhakika? Mkono wa fundi ukaning'inia juu ya mausi.

"Shemeji, hapa bonyeza wewe."

Nikabonyeza. Ukuta ulianguka bila sauti yoyote. Jina lake likatoka, weupe ukageuka weusi, kisha Taratibu akauvuta upande wangu, ukajinyoosha mpaka mwisho wa fimbo. Kikawa kipande kimoja, kirefu. Ule wekundu uliokuwa umenizoea ukapotea.

Mfumo mpya uliingia mchana ule. Ulizima, ukawaka, ukazunguka kiduara, ukazima tena, na kila ukizima Taratibu alikuwa anajikohoza na kutazama taa ya ukutani kama umeme ungali upo. Ulikuwepo. Siku hiyo hata umeme ulinionea huruma. Mwishowe uso mpya ukafunguka, wa bluu, nadhifu, hauna hata alama ya mtu. Nikaifungua tovuti ya maombi, ikafunguka bila kelele. Taratibu akavaa koti lake, mkono mmoja, kisha mwingine.

"Mrefu akija," akasema, "nitamkatia tena mwenyewe."

"Nenda fundi," nikamwambia, "kabla sijakutupia kitu." Lakini nilimshukuru, na alijua.

Wateja walirudi. Hata mwalimu alirudi, maana printa ya Tabasamu ilimwishia wino katikati ya vyeti, na sitasema kwamba nilifurahi. Nilikuwa na nafasi ya kumwaga. Na unajua nilifanya nini nayo? Sikufanya kitu. Mteja akitoka, nafuta faili lake. Mtu akileta picha zake za harusi nimhifadhie, namwambia hapana, nafasi hamna, halafu namwona anatazama skrini. Mazoea yana taabu. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, jinyooshe basi," nami nikajibu nitajinyoosha. Siku zikapita nikiwa nimejikunja pale pale.

Kisha akapiga.

Ilikuwa asubuhi, nakata picha za pasipoti kwa mkasi, mteja mmoja anasubiri mlangoni nimchapie barua. Nikaona jina lake kwenye simu, mkasi ukaniponyoka. Mrefu hapigi asubuhi. Nikapokea nikijua kuna msiba.

"Mke wangu, simu yangu imenikatalia," akasema.

"Nini?"

"Nataka kupiga picha, inasema nafasi imejaa." Greda ilikuwa imezimwa. Nilimsikia vizuri, hadi pumzi. "Tumemaliza kipande kirefu hapa, kimenyooka vizuri, nikasema nikipige. Ikakataa. Basi nimekaa hapa juu ya mashine nafuta moja moja. Zote ni barabara. Barabara, barabara, barabara. Wenzangu wananicheka. Nikashuka mpaka za chini kabisa, ile barabara ya kwanza niliyofanya nilipofika. Nikajiuliza, hivi nilikuwa namwekea nani mabarabara yote haya?"

Nikainama kuutafuta mkasi.

"Tulikuwa tumekaa chini," akasema. "Sakafuni. Ulimwaga chai."

"Nilimwaga."

"Nikakwambia miguu yangu itakaa wapi."

"Uliniambia."

"Ulikuwa hujaweka kitu humo? Miaka yote?"

"Sikuweka."

Mteja mlangoni akajifanya anasoma bango la bei. Mama mkwe alikuwa amesimama, kadi ya mtu mkononi, mdomo wazi kidogo.

"Bado kupo?" akauliza Mrefu.

Ningeweza kumdanganya. Mtu wa mbali anadanganyika kirahisi, na mimi kwa kudanganya watu kwamba niko sawa nimeshapata ufundi. Lakini sikutaka.

"Hakupo," nikasema. "Uliniambia futa, nikafuta."

Upepo ukavuma kule kwake. Alivyonyamaza safari hii, nilijua hakuwa akizungumza na mtu mwingine.

"Basi hizi nizifanyeje?" akasema, sauti ndogo, sauti ya mtu mfupi. "Nikutumie kidogo kidogo? Bando nitakuwekea."

"Usitume."

"Kwa nini?"

"Usitume hata moja. Zilete." Sauti ikanikatika, nikaiokota. "Zilete mwenyewe, kwa mkono wako, Mrefu. Nafasi ipo, tena kubwa kuliko ile uliyojikatia, na haina ukuta. Lakini sitaki kutumiwa barabara. Nimechoka na vitu vya kutumiwa. Namtaka aliyezipiga."

Alivuta pumzi. "Ni nyingi," akasema.

"Zije nyingi."

"Sasa mkataba..."

"Sikukuuliza mkataba."

Tukakaa hivyo, yeye na upepo wake, mimi na mteja wangu. Kisha mtu akamwita kwa mbali, akasema, "Nitakupigia. Nakwambia kweli, nitakupigia," akakata.

Mama mkwe akaja taratibu kuliko fundi. "Amesemaje?"

"Amesema ni nyingi."

"Anakuja?"

"Hakusema anakuja. Na hakusema haji."

Akanitazama, akanivuta kichwa akakiegemeza tumboni kwake, mbele ya mteja, na wala sikuona haya. Halafu akarudi kazini.

Nami nikaigeukia kompyuta. Nikatengeneza folda, nikaiandika YA MREFU. Nikabonyeza nione uzito wake. Sifuri. Fundi alisema kweli, haili nafasi hata punje. Nikavuta kiti, nikanyoosha miguu chini ya meza, nikamwita yule mteja aliyekuwa mlangoni, na faili lake sikulifuta.